Njia ya Kurudi: Historia ya Pembetatu za Nambari na Vinyume Vyake

Leo naweka kando habari za simu mpya na programu za kupakua ili tuzungumze hesabu kidogo. Usikimbie! Anayejua kujumlisha, kutoa na kuzidisha atafika nami hadi mwisho. Nataka kusimulia historia ya majedwali fulani ya nambari yenye umbo la pembetatu, na hasa kitu ambacho vitabu vingi vya shule hukiruka: namna ya kulirudisha jedwali nyuma, yaani kinyume chake.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na katika kazi hii kuna swali linalonijia kila mara. Nikishachanganya data kwa njia fulani, je, ninaweza kuipata tena kama ilivyokuwa? Halafu kuna swali la pili, zito zaidi: je, mtu mwingine anaweza?

Tuanze na chama. Wanachama wanne wanatoa michango, mmoja baada ya mwingine: 500, 300, 700 na 200. Mweka hazina haandiki mchango wa kila mtu, anaandika tu jumla ilipofikia: 500, 800, 1500, 1700. Alichokifanya mweka hazina kinaweza kuandikwa kama pembetatu:

1
1 1
1 1 1
1 1 1 1

Mstari wa tatu unasema: chukua mchango wa kwanza mara 1, wa pili mara 1, wa tatu mara 1, kisha jumlisha. Sasa kurudi nyuma. Jumla ya tatu toa jumla ya pili: 1500 toa 800 ni 700. Njia ya kurudi nayo ni pembetatu:

1
-1 1
0 -1 1
0 0 -1 1

Hiki ndicho kinyume cha pembetatu ya kwanza. Itumie ya kwanza halafu ya pili, nawe umerudi ulikotoka, bila kupoteza hata senti.

Tazama ukingo wa kulia wa pembetatu zote mbili: ni 1 kuanzia juu hadi chini. Hapo ndipo penye siri. Mstari wa kwanza unakupa nambari ya kwanza bila kazi. Mstari wa pili una nambari moja tu ngeni, na hiyo imezidishwa kwa 1, kwa hivyo unatoa zile unazozijua na inabaki yenyewe. Wa tatu vivyo hivyo. Hakuna mahali unapolazimika kugawanya ila kwa 1. Kwa hivyo pembetatu yoyote ya nambari kamili yenye 1 kwenye ukingo huo ina kinyume, na kinyume hicho nacho ni cha nambari kamili. Sehemu na desimali hazina nafasi. Ungeweka 2 kwenye ukingo, nusu na robo zingeanza kuingia mara moja.

Jambo lenyewe ni dogo, lakini lilichukua karne nyingi watu kuliona kwa ukamilifu. Basi twende pamoja.

Pembetatu maarufu kuliko zote ni hii:

1
1 1
1 2 1
1 3 3 1
1 4 6 4 1

Kila nambari ya ndani ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Vitabu vyetu vya shule ya upili huiita pembetatu ya Pascal, lakini Blaise Pascal aliikuta njiani. Huko India, elimu ya mashairi ndiyo iliyoizaa. Washairi wa Kisanskriti walihesabu silabi nyepesi na silabi nzito, na Pingala, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, aliuliza mishororo ya urefu fulani inaweza kupangwa kwa namna ngapi. Katika karne ya 10 Halayudha, akimfafanua Pingala, alieleza jedwali hili na namna ya kulijenga kwa ngazi, kwa jina la mlima Meru. Huo ni mlima wa masimulizi ya Kihindi, si ule wa Arusha wala si Meru yetu hapa Kenya!

Sisi mizani yetu huhesabu idadi ya silabi tu, haijali nyepesi na nzito. Lakini chukua mshororo wa utenzi wenye mizani 8, ujifanye kila silabi ni nyepesi au nzito. Namna zote ni 256. Zenye silabi nzito 3 hasa ni 56, na hiyo 56 utaikuta kwenye mstari unaoanza na 1 8 28.

Baghdad, al-Karaji aliyeishi karne ya 10 na mwanzo wa 11 aliijua pembetatu hii kutokana na aljebra, alipokuwa akifungua mabano yaliyopandishwa vipeo. Kitabu chake hicho kimepotea, ila as-Samaw'al alikinukuu katika karne ya 12. Uchina, Jia Xian aliitumia katika karne ya 11 kutafuta vipeuo vya nambari. Maandishi yake nayo yamepotea, na tunajua kwa sababu Yang Hui alimtaja mwaka 1261. Pascal mwenyewe aliandika kitabu chake mwaka 1654, mwaka ule ule alipokuwa akiandikiana barua na Pierre de Fermat kuhusu namna ya kugawana dau la mchezo wa kamari uliokatizwa kabla ya mwisho. Kilichapishwa 1665, miaka mitatu baada ya kifo chake. Jina la Pascal lilishikamana na pembetatu hiyo kupitia waandishi waliomfuata, kama Pierre Rémond de Montmort mwaka 1708 na Abraham de Moivre mwaka 1730.

Ona jinsi walivyoifikia kwa njia nne tofauti: mashairi, aljebra, vipeuo na kamari. Wote waliitumia kwa safari ya kwenda: ninazo silabi, nipe idadi ya mishororo. Safari ya kurudi ilihitaji mtu mwenye swali la kinyumenyume.

Swali hilo lilikuja kwa karata. Montmort katika kitabu chake cha 1708 alieleza mchezo ulioitwa Treize, yaani kumi na tatu. Mchezaji anafunua karata huku akitaja moja, mbili, tatu hadi kumi na tatu. Karata ikilingana na nambari aliyoitaja, ameshinda. Je, ni mara ngapi hakuna hata moja itakayolingana? Toleo la pili la kitabu, la 1713, lilikuja na uthibitisho, ukiwemo wa Nicolas Bernoulli aliyekuwa akiandikiana naye.

Tuupunguze mchezo. Mwalimu anarudisha madaftari 4 bila kuangalia majina. Zipo namna 24 za kuyagawa. Katika namna ngapi hakuna mwanafunzi hata mmoja anayepata daftari lake? Kuhesabu moja kwa moja kunachosha. Lakini safari ya kwenda ni rahisi: katika kila mgao kuna kundi la wanafunzi waliokosea daftari, na wengine wamepata sawasawa. Tukiita idadi tunazozitafuta D0, D1, D2, D3 na D4, kulingana na ukubwa wa kundi lililokosea, basi

24 = 1×D0 + 4×D1 + 6×D2 + 4×D3 + 1×D4

Unaziona 1 4 6 4 1? Tunazijua jumla zote (1, 1, 2, 6, 24), tunazitaka D. Yaani tunahitaji kinyume cha pembetatu ya Pascal. Nacho ni kizuri ajabu:

1
-1 1
1 -2 1
-1 3 -3 1
1 -4 6 -4 1

Ni nambari zile zile, alama tu ndizo zinazopishana! Kwa hivyo D4 = 24 - 4×6 + 6×2 - 4×1 + 1 = 9. Namna 9 kati ya 24. Jaribu kuziandika kwa mkono uhakikishe. Leo tunaiita mbinu hii ya kujumlisha na kutoa kwa zamu, na mara nyingi hufundishwa kama ujanja unaojitegemea. Kwa macho ya leo ni pembetatu iliyogeuzwa, basi.

Mtu aliyechapisha pembetatu na mwenzake wa kurudi kwa pamoja ni James Stirling wa Uskochi. Alizaliwa 1692, akasoma Oxford akaondoka bila shahada kwa kuwa hakutaka kula kiapo cha utii kwa mfalme, akaishi kwa muda Venice, na baadaye akawa msimamizi wa migodi ya risasi huko Leadhills. Mwaka 1730, akiwa London, alitoa kitabu Methodus Differentialis. Shida yake ilikuwa mifululizo mirefu inayojumlishwa polepole mno. Hakukuwa na tarakilishi, mkono ndio uliofanya kazi, na mfululizo wa aina hiyo ungeweza kula siku nzima na usikupe jibu la maana.

Stirling aliona kwamba vipeo vya kawaida, kama x mara x mara x, ni vigumu kujumlisha, lakini mazao yanayoshuka, kama x(x-1)(x-2), hujumlishika kwa urahisi. Basi akatengeneza jedwali la kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine:

1
1 1
1 3 1
1 7 6 1
1 15 25 10 1

Mstari wa tatu unasema kipeo cha tatu cha x ni 1 mara x, jumlisha 3 mara x(x-1), jumlisha 1 mara x(x-1)(x-2). Weka x = 5: 5 + 60 + 60 = 125. Sawa kabisa. Na jedwali la kurudi:

1
-1 1
2 -3 1
-6 11 -6 1
24 -50 35 -10 1

Weka tena 5: 2×5 - 3×25 + 125 = 60, ambayo ni 5×4×3. Umerudi. Nambari za jedwali hili la pili, bila alama za kutoa, zimo pia katika kitabu chake, alipozitumia kwa mifululizo ya sehemu. Safari hii pembetatu na kinyume chake hazifanani hata kidogo. Leo zinaitwa nambari za Stirling za aina ya pili na za aina ya kwanza, jina ambalo Niels Nielsen wa Denmark alilieneza mwanzoni mwa karne ya 20. Kwenda na kurudi ni barabara mbili tofauti, kila moja na maana yake.

Maana ya ile ya kwanza ilijitokeza Japani, mbali kabisa na mifululizo. Huko kulikuwa na mchezo wa udi. Naam, udi wa kufukiza! Mwenyeji anafukiza vipande vitano, kimoja kimoja, na wageni wananusa kisha wanasema vipi vinafanana. Majibu yanayowezekana ni 52, na kila jibu lilipewa mchoro na jina la sura ya riwaya ya kale ya Genji. Sasa jumlisha mstari wa tano wa Stirling: 1 + 15 + 25 + 10 + 1 = 52. Vyote sawa, namna 1, harufu mbili, namna 15, harufu tatu, 25, nne, 10, zote tofauti, 1. Mwaka 1782 Saka Masanobu alichapisha kanuni ya kuzihesabu nambari hizi. Mskochi wa mifululizo na Mjapani wa udi walikuwa na jedwali moja.

Ruka hadi 1954. Ivo Lah, Mslovenia aliyefanya hesabu za bima, alikuwa akibadilisha mazao yanayopanda, x(x+1)(x+2), kuwa yanayoshuka. Pembetatu yake:

1
2 1
6 6 1
24 36 12 1

Kinyume chake? Nambari zile zile na alama zinazopishana, kama ya Pascal. Jipime na 5: 5×6×7 = 210, na 6×5 + 6×20 + 60 = 210. Kurudi: 210 - 6×30 + 6×5 = 60. Unabadilisha alama tu.

Kufikia hapo kulikuwa na jozi nyingi za kwenda na kurudi, zimetawanyika katika vitabu vya kamari, bima na mifululizo. Aliyezikusanya ni John Riordan, aliyefanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani. Kitabu chake Combinatorial Identities cha 1968 kina sura mbili nzima za mahusiano ya kinyume, jozi baada ya jozi. Mwaka 1991 Louis Shapiro na wenzake watatu, Seyoum Getu, Wen-Jin Woan na Leon Woodson, walionyesha kwamba familia kubwa ya pembetatu hizi ni mfumo mmoja uliofungika: ukizidisha pembetatu mbili za familia hiyo unapata nyingine ya familia hiyo hiyo, na kila moja ina kinyume chake humo humo ndani. Waliuita mfumo huo kwa jina la Riordan, aliyefariki 1988.

Wakati huo huo Neil Sloane, ambaye tangu 1964 alikuwa akikusanya mifuatano ya nambari kwenye kadi, alichapisha kitabu cha mifuatano mwaka 1973, kingine pamoja na Simon Plouffe mwaka 1995, na mwaka 1996 mkusanyo ukaingia kwenye intaneti. Pembetatu huandikwa humo mstari kwa mstari, kama uzi mmoja: 1, 1, 1, 1, 2, 1, 1, 3, 3, 1. Pembetatu ya Pascal ni A007318. Kinyume chake kina namba yake chenyewe, A130595. Nimeitumia kamusi hiyo mara nyingi: nikipata nambari tano sita ambazo sizielewi, nazitafuta humo kwanza.

Sasa haya yote yanatuhusu nini sisi wa programu? Mambo mawili.

La kwanza ni usahihi. Zana nyingi za kugeuza majedwali hutumia desimali zenye nafasi ya tarakimu 15 au 16 hivi. Nambari ya katikati kwenye mstari unaoanza na 1 60 ni 118264581564861424, tarakimu 18. Haitoshei. Ukigeuza pembetatu kubwa kwa desimali utarudi na takataka, ilhali jibu la kweli ni nambari kamili na lingepatikana kwa kutoa na kuzidisha tu. Ukikutana na pembetatu yenye 1 kwenye ukingo, tumia nambari kamili mwanzo hadi mwisho.

La pili ni lile swali zito nililoanza nalo. Mrudie mweka hazina wetu. Tuseme alidhani akibandika jumla tu atakuwa ameficha nani alitoa nini, asije mtu akaona haya kwa mchango mdogo. Hakuficha chochote. Mwenye kalamu na dakika mbili anaupata mchango wa kila mmoja, bila kukisia. Pembetatu ina njia ya kurudi, na njia hiyo iko wazi kwa kila mtu, si kwa mwenye data peke yake.

Hata majedwali ambayo si pembetatu yana hatari hii. Mwaka 2003 Irit Dinur na Kobbi Nissim walithibitisha kwamba ukijibu maswali mengi mno ya jumla kwa usahihi mkubwa mno, siri za watu binafsi zinaweza kujengwa upya. Idara ya sensa ya Marekani ilijaribu hilo kwa majedwali yake ya 2010, ikaogopa ilichokiona, na katika matokeo ya sensa ya 2020 ikaongeza makosa madogo ya makusudi kwenye nambari ili njia ya kurudi ipotee.

Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "tunatoa jumla tu, data ya mtu mmoja mmoja haionekani", usimkubalie wala usimkatalie haraka. Muulize ni jumla zipi, na kwa mpangilio gani. Halafu zichore. Zikikaa kama pembetatu yenye 1 ukingoni, hakuna siri iliyobaki.

Zoezi la wiki: tafuta kinyume cha pembetatu hii, bila tarakilishi.

1
5 1
3 4 1

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.